Nzima, Iliyomegeka, Iliyoungwa au Iliyorejeshwa: Uchague Sanamu Ipi ya Kale ya Kauri?

Wachungaji wawili wa kike wa kauri wamewekwa meza moja. Wametoka kalibu moja, na wote wamevaa gauni lenye maua madogo yaliyopakwa kwa mkono, moja moja. Wa kwanza ana vidole vyote kumi na uso unaong'aa kana kwamba ametoka tanurini jana. Wa pili amepoteza kidole cha shahada, majani matatu ya kichaka kilicho nyuma yake yamekatika, na shingoni ana mstari wa kahawia unaoonyesha kuwa kichwa kiliwahi kutoka kikarudishwa kwa gundi. Bei zao zinapishana mbali. Mnunuzi mgeni hujibu upesi: nitamchukua aliye kamili mfuko ukiruhusu, usiporuhusu nitaridhika na mwenzake.

Naomba usijibu bado. Huyo wa kwanza ni mzima kweli, au naye alivunjika akatengenezwa mpaka alama zikafutika? Ndiyo maana sokoni hakuna hali mbili tu, kuna nne: sanamu nzima, sanamu yenye majeraha ya wazi ambayo haijaguswa, sanamu iliyoungwa zamani na maungo yake yanaonekana, na sanamu iliyorejeshwa na fundi hadi jicho halioni kitu. Kila moja ina mtu wake.

Tutapima kwa lipi

Kigezo cha kwanza, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni kiasi cha kazi ya asili kilichobaki. Kauri ngumu, ile ya kaolini (udongo mweupe), huchomwa kwenye joto la karibu nyuzi 1400. Baada ya kupata utando wake wa kioo, mchoraji hupaka rangi juu ya utando huo, kisha sanamu hurudi tanurini kwa joto dogo zaidi, kama nyuzi 700 hadi 850, pengine mara kadhaa kwa sababu si rangi zote zinazovumilia joto moja. Rangi hiyo huyeyuka ikashikamana na kioo. Shavu jekundu lililopakwa Meissen, kiwanda cha Ujerumani, mwaka 1745 haliwezi kurudiwa na mtu aliyekaa leo na brashi mezani, hata awe fundi hodari kiasi gani, kwa kuwa sanamu kuukuu ikirudishwa tanurini huweza kuharibika, na kwa hiyo rangi ya marejesho karibu daima hupakwa baridi.

Vigezo vingine ni vyepesi kueleza. Mwonekano: sanamu inasemaje ukiitazama kutoka pale utakapokaa? Uhakika: unaweza kuthibitisha kwa macho na vidole vyako kile ulichoambiwa? Matunzo: itakusumbua kiasi gani? Na kuuza tena: siku ukitaka kuachana nayo, atakayeinunua atakuuliza nini?

Kwanza tuondoe yasiyo kasoro

Watu wengi wamekataa vitu vizuri kwa sababu ya alama ambazo sanamu ilizaliwa nazo. Ufa wa tanuri ndio wa kwanza. Udongo unapokauka na kuchomwa husinyaa, na pale vipande vilipounganishwa, au chini ya kitako, huweza kupasuka. Ufa wa namna hiyo una kingo laini na mara nyingi utando wa kioo umeingia ndani yake. Ufa wa kuanguka una kingo kali, na uchafu umejipanga ndani yake kama uzi mweusi. Pitisha ukucha juu yake taratibu, utajua tofauti.

Sanamu nyingi za Bow, kiwanda cha London cha karne ya 18, zina tundu la pembe nne mgongoni. Halikutobolewa na mtu mkorofi. Liliachwa makusudi ili kushikilia tawi la chuma la kuwekea mishumaa au maua. Sanamu za Derby, kiwanda kingine cha Uingereza, zina madoa matatu au manne meusi chini ya kitako, alama za vipande vya udongo ambavyo sanamu zilikalishwa juu yake ndani ya tanuri. Nayo alama ya Meissen ya panga mbili, iliyochorwa kwa buluu chini ya utando wa kioo, wakati mwingine hukatwa kwa mkwaruzo. Mkwaruzo huo uliwekwa na kiwanda chenyewe, kuonyesha kuwa kitu ni cha daraja la pili au kiliuzwa kikiwa cheupe. Hilo la mwisho lina uzito kwa anayejali rangi: kitu kilichotoka kiwandani kikiwa cheupe kimepakwa na mkono wa nje.

Kuhusu kitako kilichochakaa, kumbuka kazi ya sanamu hizi. Johann Joachim Kändler alipoingia Meissen mwaka 1731 na kuanza kufinyanga watu na wanyama wake, sanamu ndogo zilikuwa mapambo ya meza ya vitamutamu kwenye karamu za wakuu, zikichukua nafasi ya sanamu za sukari na nta. Zilisogezwa, zikapangwa, zikafungiwa kabatini, zikatolewa tena. Michubuko michache chini ni ya kawaida. Mimi hushtuka ninapoona kitako kinachodaiwa kuwa cha miaka 250 kikiwa safi kama sahani mpya.

Sanamu nzima

*Kazi ya asili.* Ipo yote, na hakuna haja ya kusema zaidi.

*Mwonekano.* Unaona kile alichokusudia mfinyanzi, hasa kwenye ncha. Sanamu za Franz Anton Bustelli, aliyefanya kazi katika kiwanda cha Nymphenburg, Ujerumani, kuanzia 1754 hadi alipofariki 1763, husimulia kwa mikono: kiganja kimegeuzwa, kidole kimeinuka, kiuno kimejipinda. Ukiondoa kidole kimoja pale, unaondoa sehemu ya sentensi.

*Uhakika.* Hapa watu hujidanganya. Sanamu nzima ndiyo ngumu kuliko zote kuthibitisha, kwa sababu unatafuta kitu ambacho hakipo. Anza na sehemu zinazovunjika kwanza: vidole, shingo, vifundo vya mikono, ncha za majani na maua, ukingo wa kofia, chochote kilichoshikwa mkononi kama filimbi au fimbo. Tumia lenzi na mwanga wa pembeni. Rangi ya asili hukaa kwa usafi juu ya kioo, ilhali rangi ya marejesho huwa na ukungu, vinukta vya kupuliziwa, au hupita juu ya kingo bila mpangilio. Kauri ni baridi na ngumu ukiigusa kwa mdomo au jino, lakini plasta na rangi baridi ni vuguvugu na laini. Gizani, taa ya urujuanimno (UV) hufanya marejesho mengi yang'ae tofauti na sehemu nyingine. Ila zipo rangi za kisasa ambazo taa hiyo haizifichui, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Sanamu ya karne ya 18 yenye kichaka kizima cha majani nyuma yake, bila jani hata moja lililomegeka, ni nadra sana. Ukikutana nayo, furahi, kisha iangalie mara mbili.

*Matunzo.* Mepesi: maji ya uvuguvugu, sabuni laini kidogo, brashi ya nywele laini. Usiizamishe, maana ndani ni tupu na maji huingia kupitia tundu la hewa yakakaa humo. Dhahabu usiisugue, hutoka. Na sanamu hainyanyuliwi kwa kichwa wala mkono. Shika kitako kwa mkono mmoja, mwili kwa mwingine.

*Kuuza tena.* Ndiyo rahisi kuliko zote, kwa kuwa wanunuzi wengi wanataka hii hii.

*Inamfaa* anayetaka kitu kimoja kizuri, mwenye subira, na anayenunua modeli iliyofinyangwa kwa wingi. Meissen iliendelea kutoa modeli za Kändler karne nzima ya 19 na baadaye. Kwa modeli kama hizo hakuna sababu ya kukimbilia iliyovunjika, kwani nzima itakuja.

Sanamu yenye majeraha ya wazi

*Kazi ya asili.* Kilichovunjika kimekwenda, lakini kilichobaki ni halisi chote. Hakuna rangi ya pili iliyofunika ya kwanza. Kwa hili peke yake, sanamu iliyomegeka mara nyingi ina kazi ya asili nyingi zaidi kuliko jirani yake aliyerejeshwa anayependeza.

*Mwonekano.* Inategemea jeraha limekaa wapi. Majani mawili yaliyokatika nyuma ya kichaka utayasahau ndani ya wiki. Kidole kilichopotea utakizoea. Pua iliyomegeka hutaizoea, nasema kwa uzoefu: jicho la binadamu huenda usoni kwanza, na kila asubuhi litakwenda palepale.

*Uhakika.* Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye nyumba ni kweli. Kwenye kauri ya kale, ufa ulioachwa wazi ni shahidi, na ukiuziba unamziba mdomo. Tazama pale palipomegeka. Kauri ngumu huvunjika kama kioo, nyeupe na yenye mng'ao, na huwezi kuona vizuri mwili unapoishia na utando unapoanzia. Kauri laini, ile iliyotengenezwa katika viwanda vya London vya Chelsea na Bow karne ya 18, huonyesha punje kama sukari.

Faida yake ni hii. Kiwanda cha Samson cha Paris, kilichoanzishwa 1845, kiliiga sanamu za viwanda vingi vya karne ya 18, pamoja na Chelsea, na kwa kawaida kilitumia kauri ngumu. Sanamu inayodai kuwa ya Chelsea yenye alama ya nanga nyekundu, iliyotumika miaka ya 1750, ikionyesha mvunjiko wa kioo kigumu, imejieleza yenyewe. Sanamu nzima isingekupa ushahidi huo kirahisi.

*Matunzo.* Kingo kali hunasa vumbi na nyuzi za kitambaa, kwa hiyo tumia brashi, si kitambaa. Kauri laini iliyo wazi hunywa uchafu na madoa, usiiweke karibu na jiko wala moshi. Ufa unaoendelea ni hatari zaidi kuliko pengo: pengo limeshamaliza kazi yake, ufa bado unafanya yake.

*Kuuza tena.* Thamani hushuka, na kwa modeli ya kawaida hushuka sana. Kwa modeli adimu haishuki sana hivyo, kwa sababu mnunuzi anajua huenda asione nyingine.

*Inamfaa* anayejifunza, anayetaka kushika karne ya 18 mkononi kwa fedha ndogo, na anayetafuta modeli adimu. Inamfaa pia anayependa uchoraji kuliko umbo. Ua lililopakwa kwenye sketi halijali kama kidole kipo.

Sanamu iliyoungwa zamani

Kabla ya gundi za kisasa, mafundi walitoboa matundu madogo kwa keekee ya ncha ya almasi, wakapachika pini za waya zilizokunjwa ncha, zikavuta vipande viwili vikakaa pamoja. Utaziona zaidi kwenye sahani na mabakuli, lakini hata sanamu zina zake, hasa kitakoni. Wengine walitumia gundi ya wanyama au lakiri, ambayo huacha mstari wa kahawia, na kwenye shingo au mkono walipitisha kijiti cha chuma ndani.

*Kazi ya asili.* Imebaki karibu yote, isipokuwa matundu. Kitu kimoja tu hakikisha: je, kichwa ni chake? Vichwa vilibadilishwa. Linganisha weupe wa uso na weupe wa mikono, linganisha rangi ya ngozi, na tazama kama shingo zinakutana bila pengo wala kusagwa.

*Mwonekano.* Wengine huona kovu, wengine huona mtu aliyependa kitu chake kiasi cha kukipeleka kwa fundi. Mimi ni wa kundi la pili, na sitaki kukulazimisha uwe nami.

*Uhakika* ni mkubwa, kila kitu kipo machoni.

*Matunzo.* Hapa ndipo yalipo matatizo. Maji ya moto huyeyusha gundi ya wanyama, na joto hulainisha lakiri, kwa hiyo sanamu iliyosimama miaka 100 inaweza kuachia kichwa ndani ya beseni. Chuma cha ndani hushika kutu, hutanuka, na huweza kupasua kauri kutoka ndani. Ukiona doa la kutu karibu na maungo, peleka kwa mhifadhi. Usiioshe kabisa. Futa vumbi kwa brashi kavu.

*Kuuza tena.* Iko karibu na iliyomegeka, japo wapo wakusanyaji wanaotafuta pini za zamani kwa ajili yake zenyewe.

*Inamfaa* anayependa historia ya kitu baada ya kutoka kiwandani, na asiye na haraka ya kuuza.

Sanamu iliyorejeshwa isionekane

Nilinunua sanamu ya mwanamuziki aliyeelezwa kuwa hana tatizo lolote. Alikaa rafuni miaka kadhaa. Kisha nikaona mkono wake wa kulia unageuka manjano kuliko wa kushoto, kwanza kidogo, baadaye wazi kabisa. Chini ya lenzi nikakuta rangi imepuliziwa kuanzia kidoleni hadi karibu na kiwiko. Kilichokuwa kimevunjika ni kidole kimoja. Ili kuficha mvunjiko wa milimita chache, fundi alifunika lesi ya mkono mzima wa shati, lesi iliyopakwa nukta kwa nukta. Kilichoniuma si kidole, ni ile lesi. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuambiwa.

*Kazi ya asili* ndiyo gharama kubwa ya njia hii inapofanywa kwa mtindo wa zamani. Fundi mzuri wa leo hupaka juu ya kijazio tu, haingii kwenye rangi ya asili, na hutumia vitu vinavyoweza kuondolewa. Paraloid B-72, kwa mfano, ni resini inayotumiwa sana na wahifadhi wa makumbusho, na huyeyuka kwa asetoni, kwa hiyo fundi wa kesho anaweza kuanza upya. Gundi ya epoksi ni imara zaidi lakini ngumu kuondoa, na nyingi hugeuka manjano kwa mwanga.

*Mwonekano.* Siku ya kwanza haina mpinzani kwa bei yake. Umbo limerudi, mkono umekamilika, ukitazama ukiwa kochini unaridhika.

*Uhakika* unategemea karatasi. Muulize muuzaji picha za kabla na baada, jina la gundi na sehemu zilizopakwa. Aliyezitunza ni mtu wa kumwamini. Asiye nazo si lazima awe mwongo, lakini utalazimika kupima kama ilivyoelezwa kwenye sanamu nzima.

*Matunzo.* Weka mbali na jua na taa kali. Usitumie spiriti, asetoni wala maji ya moto, na usisugue.

*Kuuza tena.* Marejesho yaliyoandikwa na kuelezwa hayafukuzi wanunuzi wote. Marejesho yaliyofichwa yakigundulika huondoa imani katika kila kitu kingine unachokiuza mezani.

*Inamfaa* anayetaka sanamu ya kupamba chumba, jozi ambayo mmoja wake alivunjika kwa ajali, au kitu cha familia ambacho wenyewe wanataka kukiona kikiwa kamili tena.

Uko wapi wewe?

Kama hii ndiyo sanamu yako ya kwanza na unataka kujifunza, chukua iliyomegeka kutoka kiwanda kizuri badala ya nzima kutoka kiwanda dhaifu. Mvunjiko, utando na rangi vitakufundisha mengi ambayo picha haifundishi.

Kama unanunua zawadi, au unajua utaiuza baada ya miaka michache, subiri nzima, na omba hali yake iandikwe kwenye risiti kwa maneno kamili. "Hali nzuri" haitoshi. Iandikwe "haina mapengo, nyufa wala marejesho".

Kama umempata mchekeshaji wa karne ya 18 ambaye hujawahi kumwona mnadani, usimwache kwa sababu ya kidole. Uliza tu juu ya kichwa.

Kama moyo wako uko kwenye sanamu za lesi za karne ya 19, zile ambazo kitambaa halisi kilichovywa kwenye uji wa kauri na kuungua tanurini, kikaacha wavu wa kauri mwembamba kama karatasi, punguza masharti. Karibu zote zimepoteza matundu machache ya wavu. Angalia kama hasara imetawanyika pembeni au imekula kipande kizima mbele, na amua kwa hilo.

Kama nyumbani kuna watoto wadogo au paka apandaye rafu, iliyoungwa kwa gundi kuukuu si ya kwako kwa sasa. Chagua sanamu iliyoshikana, mikono ikiwa karibu na mwili, iwe nzima au imemegeka.

Na kama sanamu uliyorithi imevunjika leo asubuhi, usichukue gundi ya papo kwa papo. Okota kila kipande, hata punje, kwa brashi na karatasi. Usijaribu kuvipachika vikae, kwa sababu kingo zikisagana hazitakutana tena vizuri. Funga kila kipande peke yake kwa karatasi laini, weka vyote kwenye kisanduku kimoja na picha ya sanamu ilivyokuwa, kisha amua polepole kama unataka iungwe ionekane, irejeshwe isionekane, au ibaki ilivyo.